Nyuma ya Geti la Mbwa Mkali

Ukishuka kwenye daladala pale Rau Madukani, hapa Moshi, ukaamua kwenda kwa miguu, njia yoyote utakayoishika, iwe ya kupandisha Uru au ya kuteremkia msituni, utasoma maneno mawili kwenye mageti: Mbwa Mkali. Mengine yameandikwa na fundi wa mabango, yana picha ya mbwa aliyetoa meno. Mengine ni chaki tu. Kuna geti moja nalijua, maneno bado yapo na mbwa alishakufa siku nyingi. Mwenye nyumba anasema bango linafanya kazi kuliko alivyofanya marehemu.

Jioni hii nataka tumzungumzie huyo mbwa mkali, na hasa siku zake za mwanzo, kabla hajawa mkali. Mimi nashikilia jambo moja, na najua wapo watakaonipinga: wengi wa mbwa tunaowaita wakali hapa kwetu ni waoga. Mbwa anayevuta mnyororo mpaka macho yanamtoka kwa sababu msoma mita za maji wa MUWSA amepita, huyo hana ujasiri wowote. Anaogopa, na amegundua kwamba akibweka sana yule mtu anaondoka. Msoma mita alikuwa anaondoka hata hivyo, ana nyumba nyingine za kupitia. Mbwa hajui hilo. Yeye anahesabu ameshinda, na mwezi ujao ataongeza.

Hebu tumfuate tangu anapoletwa. Mtu anaomba mtoto wa mbwa kwa ndugu yake kule Uru, au Kibosho, au Old Moshi. Anaambiwa, njoo Jumamosi. Mtoto ana mwezi mmoja, pengine hajautimiza, kwa sababu mama yake amekonda na mwenye mama amechoka kulisha. Anatiwa kwenye kiroba cha pumba, kiroba kinatobolewa tundu la kupumulia, kinaning'inizwa kwenye bodaboda, na safari ya kuteremka mlima inaanza. Asubuhi alikuwa amelala juu ya ndugu zake kwenye majani makavu ya migomba. Mchana yuko gizani, injini inaunguruma chini ya tumbo lake, kila tuta linamrusha. Anafika Rau ametapika na amejikojolea. Watoto wa nyumba wanamgombea, huyu anavuta mguu, yule anavuta sikio, wanampa jina Simba. Simba anakimbilia chini ya kochi. Baba anasema, huyu mwoga, mfungieni bandani apate ukali.

Banda liko nyuma ya nyumba. Kutwa nzima anamwona mtu mmoja tu, dada wa kazi, na hata huyo anaona mkono wake zaidi kuliko uso, ukisukuma sufuria la ugali wa dona na dagaa. Usiku anafunguliwa azunguke ua. Anafikisha miezi sita hajawahi kupishana na mtoto wa shule, hajakanyaga barabara, na mbwa mwenzake amemnusa kwa kupitia chini ya geti tu. Wapo wanaomwongezea pilipili kwenye chakula, wengine hata nyigu, wakiamini ukali huingia kwa mdomo. Pilipili inamuunguza tumbo, basi.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye maabara ya Jackson, mji wa Bar Harbor, jimbo la Maine. Walichukua watoto wa mbwa wa aina mbili zinazosifika kwa upole, wakawalea pamoja na mama zao kwenye uwanja wenye uzio mrefu, bila kushikwa wala kuzungumzishwa na mtu. Kisha wakawa wanawatoa kwa zamu, kila kundi linakaa na watu wiki moja tu, linachezewa, linashikwa, halafu linarudishwa uwanjani. Kundi moja lilitolewa likiwa na wiki 2, jingine wiki 3, jingine 5, jingine 7, jingine 9. Waliobaki waliachwa mpaka wiki 14 bila kuonja hata siku moja ya kukaa na binadamu. Waliotolewa katikati, wiki ya 5 kuja ya 9, walizoea watu vizuri. Wale wa wiki 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Hata mmoja wao alipobembelezwa miezi mitatu mfululizo, alibadilika kidogo sana.

Wenzetu walilazimika kujenga uzio, kuweka kumbukumbu, kuandika makala. Sisi jaribio lile lile tunalifanya kila mwaka nyuma ya nyumba zetu, jibu tunapata lile lile, ila sisi jibu hilo tunalipa jina la ukali na kuliandika getini.

Baadaye, mwaka 1965, Scott na Fuller wa maabara hiyohiyo walitoa kitabu kikubwa juu ya tabia za mbwa, na tangu hapo waganga wa mifugo duniani kote wanakubaliana juu ya kipindi hiki: kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi, au 14 kwa wengine. Kabla ya hapo, macho na masikio ndiyo kwanza yanafunguka. Ndani ya kipindi hicho, udadisi wa mtoto wa mbwa ni mkubwa kuliko hofu yake. Akiona kitu kigeni atarudi nyuma, kisha atakuja kunusa. Kipindi kikipita, mambo yanageuka. Kigeni kinakuwa adui mpaka kithibitike vinginevyo, na uthibitisho unachukua miezi.

Nusu ya kwanza ya kipindi hicho si yako wewe unayemchukua, ni ya mama yake na ndugu zake. Watoto wa mbwa wakicheza wanaumana. Mmoja akibana kwa nguvu, mwenzake analia na mchezo unakatika. Akibana tena, mchezo unakatika tena. Hivyo ndivyo anavyojifunza meno yake yana nguvu kiasi gani, na somo hilo hakuna binadamu anayelifundisha vizuri kama walivyo ndugu zake. Kwa hiyo ukiambiwa njoo umchukue ana mwezi mmoja, omba akae mpaka atimize wiki 8. Wakikwambia chakula ni tatizo, peleka pumba na dagaa kila wiki. Ni nafuu kuliko utakacholipa ukiwa na mbwa asiyejua kupima meno yake.

Basi amefika ana wiki 8. Umebakiwa na wiki nne, tuseme tano, na hapo unakutana na tatizo lingine. Daktari wa mifugo anakwambia usimtoe nje mpaka amalize chanjo, na ana sababu. Kuna parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, unaomaliza watoto wa uzao mzima ndani ya siku chache, na virusi vyake vinakaa kwenye udongo muda mrefu. Kuna distempa, ambayo si ugonjwa wa mbwa peke yao: mwaka 1994 iliingia Serengeti ikaua simba wapatao 1,000, theluthi moja ya simba wote wa kule, na chanzo chake kilionekana kuwa mbwa wa vijiji vya jirani. Chanjo zake zinaanza wiki ya 6 au ya 8, zinarudiwa kila baada ya wiki chache mpaka wiki ya 16 hivi. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akiwa na miezi mitatu. Ukisubiri zote ziishe ndipo umwonyeshe dunia, dunia atakuwa amekwisha kuiamulia.

Mwaka 2008 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa tamko kwamba mtoto wa mbwa aanze kuzoeshwa watu na mazingira kabla chanjo zote hazijaisha, mradi amepata ya kwanza na hapelekwi penye uchafu wa mbwa wengine. Hoja yao ilikuwa kwamba tabia mbovu inawaua mbwa wachanga wengi kuliko magonjwa ya kuambukiza, kwa sababu mbwa aliyeharibika tabia hutupwa au huuawa. Hapa kwetu parvo ni kali na chanjo haimfikii kila mbwa, kwa hiyo tahadhari iwe mara mbili. Lakini tahadhari inawezekana bila kumfungia. Jirani yangu mmoja ametuonyesha namna yake, kwa kutumia kikapu.

Ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima tunamwita Mwalimu. Mbwa wake naye aliitwa Simba na wajukuu, na Simba huyu alikuwa anakimbia mwavuli. Mwalimu alimtia kwenye kikapu cha sokoni, akamtandikia kipande cha kitenge, akawa anakwenda naye kukaa kwenye benchi la fundi cherehani, barabarani kabisa. Miguu ya mbwa haikugusa udongo. Anaona, anasikia, ananusa, basi. Muda wenyewe mfupi, kama wa kunywa kikombe cha chai, halafu nyumbani.

Mara ya kwanza nilipowakuta, toroli la ndizi lilikuwa linapita. Simba akazamisha kichwa kwenye kitenge, kikapu kizima kinatetemeka. Mwalimu akampa kipande cha pupu lililochemshwa. Hakukitazama. Mwalimu hakumbembeleza wala hakumlazimisha. Aliinuka, akasogea na kikapu chake mpaka chini ya mparachichi, hatua kadhaa kutoka barabarani, akakaa kwenye jiwe. Toroli la pili likapita. Simba akachungulia, akanusa pupu, akala. Hapo ndipo Mwalimu alipoona umbali wake, na siku iliyofuata alianzia hapo chini ya mparachichi.

Kipimo hicho kishike, hakihitaji daktari. Mtoto wa mbwa anayependa pupu nyumbani, akilikataa barabarani, ujue uko karibu mno na kinachomtisha. Rudi nyuma. Ukiona amekula, baki hapo, siku nyingine sogea kidogo. Na utaratibu wa kutoa chakula una maana yake: kwanza kitokee kile kitu, mtu au pikipiki au mwavuli, ndipo pupu lifuate. Ukianza na pupu kisha mtu akatokea, utamfundisha kwamba pupu ni dalili ya balaa. Pavlov kule Urusi alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita jinsi mbwa anavyounganisha kinachotangulia na kinachofuata.

Siku ile ya kwanza niliyowakuta akaja kijana wa bodaboda, kofia ngumu kichwani, akamwamkia Mwalimu shikamoo na papo hapo akapeleka mkono kichwani kwa mbwa. Simba akajikunja kama jani la mgomba lililoungua.

"Marahaba. Usimshike, mwanangu. Vua hiyo kofia ukae tu hapo."

"Sasa Mwalimu, asiposhikwa atanizoeaje?"

"Mimi umenishika lini? Na tumezoeana."

Fundi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Kijana akakaa ubavu, akaambiwa asimtazame mbwa machoni, akapewa dagaa watatu wa kurusha ndani ya kikapu kama vile hana habari nacho. Dagaa wa kwanza aliachwa. Wa pili alinuswa. Wa tatu sikuona alivyoliwa, maana nilikuwa namtazama Mwalimu, naye alikuwa anatazama mdomo wa mbwa.

Alikuwa anasoma. Mbwa huomba nafasi mapema sana kabla hajanguruma, ila lugha yake hatuijali. Analamba pua wakati hakuna chakula. Anapiga mwayo na hana usingizi. Anageuza kichwa pembeni, anainua mguu mmoja wa mbele, weupe wa macho unaonekana. Mkia tunaufahamu sote. Akikosa wa kumsikia, anakakamaa, halafu ananguruma. Na hapo tunafanya kosa kubwa kuliko yote, tunampiga kwa kunguruma. Mbwa anayepigwa kila akinguruma hujifunza kunyamaza, na hofu yake inabaki pale pale. Huyo ndiye mbwa ambaye siku moja anamrarua mtoto, na wenye nyumba wanaapa kwamba hakutoa hata sauti. Ni kweli hakutoa.

Watoto ndio sehemu ngumu. Mtoto akimwona mbwa mdogo kuna mawili: kumkimbilia akimwita popi, popi, au kuokota jiwe. Yote mawili yanaharibu kazi. Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, alipanga foleni. Wajukuu walikaa chini kibarazani, mikono magotini, mbwa akaachwa achague wa kumwendea, na aliyemwinua alitolewa kwenye foleni. Jiwe ni shauri la wazazi, na naomba wazazi mnaonisikiliza mlichukue. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa aliyepigwa mawe na watoto wa njiani hatofautishi watoto wa njiani na wa nyumbani.

Orodha ya vitu vya kumwonyesha mbwa wa Rau huwezi kuipata kwenye vitabu vya Ulaya. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani. Morani mwenye shuka na rungu. Mzungu mwenye mkoba mgongoni anayeelekea maporomoko ya Materuni. Mlevi anayerudi kutoka kwenye mbege huku anaimba. Buti za mpira, mwavuli wa masika, baiskeli yenye madumu ya maziwa, mtu wa magongo, bibi harusi na matarumbeta yake kama bahati itampitisha. Mbwa akishaona mtu mmoja wa kila namna akiwa bado mdogo, mtu wa namna ile akija tena hamshangazi.

Nimesema aone. Sikusema ashikwe, wala arukie watu. Hapa Rau tunakaa pamoja, Wakristo na Waislamu, ukuta kwa ukuta, na jirani Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafi akiguswa na mate ya mbwa analazimika kuosha mahali hapo mara saba, moja kwa udongo. Mtu ametoka kutawadha anakwenda msikitini, mbwa wako anamrukia kwa furaha na pua yake mbichi. Hiyo furaha ni yako peke yako. Nimesikia watu wakisema mazingira kama haya hayafai kuzoesha mbwa kwa kuwa wengi hawataki hata kumkaribia. Mimi naona kinyume chake. Mtu anayempita mtoto wa mbwa bila kumtazama, bila kumwita, bila kumgusa, ndiye mwalimu bora kuliko wote. Mbwa mwoga hahitaji marafiki mia. Anahitaji kujua kwamba watu mia wanaweza kumpita na shughuli zao na asipatwe na lolote.

Kuhusu mbwa wenzake nitakuwa mfupi. Usimtupe kwenye lile kundi la usiku linalozunguka karibu na mabucha. Atarudi na majeraha na hofu ya maisha. Tafuta mbwa mmoja mzima, mtulivu, aliyechanjwa, ikiwezekana jike lililokwisha kulea. Chanjo za mwanao zikishafika mahali pazuri, watembezeni pamoja kwenye barabara ya mashamba ya mpunga, kila mmoja na kamba yake, ubavu kwa ubavu, upana wa njia ukiwa kati yao. Wasikutanishwe uso kwa uso. Kwa mbwa huo ni utovu wa adabu. Kamba iwe legevu, maana kamba ikikazwa inamwambia kuna hatari. Yule mkubwa akimkoromea mdogo kidogo, mwache, anamtia adabu. Mdogo akishusha mabega chini na kuinua matako juu, huo ndio mwaliko wa mchezo, kazi imekwenda. Ila msiingie nao kwenye Msitu wa Rau. Ule ni msitu wa hifadhi, mbega na kima wa mle ndani hawana haja ya kufukuzwa na Simba.

Kuna mahali ambapo matokeo ya haya yote yanaonekana wazi, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Afisa mifugo yuko chini ya mti na kasha lake la barafu. Vijana wanaburuta mbwa kwa kamba za katani na mipira ya baiskeli. Mbwa mwingine hajawahi kuvaa kamba tangu azaliwe, anajibiringisha mavumbini kama samaki. Wawili wanaumana. Mwenye mmoja kajificha nyuma ya mti, anamwogopa mbwa wake mwenyewe. Na wale wakali hasa hawapo kabisa. Wamebaki nyumbani, kwa sababu hakuna anayeweza kuwafikisha. Wanasayansi wanasema ili kichaa kikatike mahali, inabidi kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa pale, na Septemba 28 ya kila mwaka, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tunakumbushwa. Watu wapatao 59,000 duniani hufa kila mwaka kwa kichaa, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza kupona ni jambo la nadra mno. Sasa jiulize asilimia 70 itatoka wapi kama mbwa mwenye uwezekano mkubwa wa kuuma ndiye asiyeshikika kuchomwa sindano. Kama umeng'atwa, na mbwa yeyote yule, hata wa kwako, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, uende hospitali siku hiyo hiyo. Usiweke mafuta ya taa, usiweke majivu.

Najua kuna baba ananisikiliza sasa hivi, anatikisa kichwa. Anasema, huyu mtangazaji anataka mbwa wangu amlambe mwizi. Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikuulize, mbwa wako usiku wa jana alibweka mara ngapi, na wewe uliamka mara ngapi? Mbwa anayeogopa kila kitu hubwekea kila kitu: popo kwenye mpera, mtu wa zamu ya usiku anayetoka hospitali ya KCMC, ngurumo ya lori. Ndani ya wiki mbili masikio ya nyumba nzima yamezoea, mnalala. Mwizi akija, naye anabwekewa kama popo. Kulinda ua kunakuja kwenyewe mbwa anapokomaa, ni damu yake, hakuhitaji banda la giza. Kinachohitaji kufundishwa ni kipi cha kawaida na kipi si cha kawaida, na hilo hawezi kulijua mbwa ambaye hajaona cha kawaida. Simba wa Mwalimu siku hizi analala kibarazani, barabara inapita mbele yake kutwa. Usiku akibweka, majirani watatu tunawasha taa.

Na wewe mwenye mbwa wa miezi sita au mwaka, uliyekwisha kuchelewa? Utaratibu ni ule ule, umbali na pupu, ila haraka iondoe. Wengine watabadilika sana, wengine watafika mahali pa kuvumilia wageni na wasipende. Huyo wa pili usimpeleke sokoni kumjaribu. Mpe mahali pa kujitenga wageni wakija, na funguo ya geti usimwachie mtoto.

Nimalizie na Desemba, kwa sababu wengi wenu mnachukua mbwa mwezi wa tisa au wa kumi mkiwa na hesabu ya kulinda nyumba kwenye sikukuu. Mnaujua Desemba wa kwetu. Mbwa aliyekulia kwenye nyumba ya watu watano anaamka asubuhi anakuta magari manne uani yenye vumbi la Dar, watu thelathini, mbuzi amefungwa mahali pake pa kulala, watoto wa mjini wanapiga mayowe, shangazi ambaye hajawahi kumwona anamrushia mfupa kwa nguvu. Anza kumwandaa kabla ya sherehe ya Krismasi. Waalike majirani wawili, kisha wanne, waje wanywe chai wasimjali. Wageni wakifika, wafunge watoto mdomo kwanza kabla ya kumfunga mbwa kamba. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, asipewe, inavunjika ikamchoma.

Halafu usiku wa tarehe 31. Fataki zinaanza hata saa sita haijafika, na mbwa anasikia kuliko sisi. Kila mwaka Januari mosi kuna wanaozunguka Rau kutafuta mbwa aliyeruka ukuta. Wiki mbili kabla, msikilizishe milio ya fataki kwenye simu, sauti ya chini kabisa, wakati anakula, uwe unapandisha kidogo kidogo kadiri anavyoendelea kula. Usiku wenyewe mtembeze mapema, jua halijazama, mlishe, mwingize ndani kwenye chumba cha katikati chenye pazia zito, si bandani wala kwenye mnyororo, maana mbwa aliyeshtuka kwenye mnyororo anaweza kujinyonga. Akitaka kukulalia miguuni, mwache. Hofu haiongezeki kwa kufarijiwa. Na kama mnakwenda mkesha, mwachieni redio imewaka, sauti ya kawaida. Sisi tutakuwa hewani mpaka saa nane.